Hasira ya Baba Yaelekea Wapi?



Wahenga walitufundisha kwa maneno mawili tu: hasira hasara. Sote twaijua methali hii, ingawa mara nyingi twaitamka hasara ikiwa imekwisha kutokea. Wiki hii napenda tutafakari, hasa sisi wanaume, jambo moja zaidi: hasira ina mwelekeo. Kama maji ya mvua, huteremka. Humpita aliyeisababisha, ikamwangukia aliye chini.

Hapa kwetu Bariadi jambo hili huonekana wazi wakati wa msimu wa pamba. Baba amelima, amepalilia, amepulizia dawa. Mama na watoto wamechuma pamoja naye. Pamba imepimwa, lakini fedha haijaja. Mnaukumbuka msimu wa 2019: bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya soko la dunia ikashuka, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu wakisubiri malipo yao. Uchungu wa namna hiyo una haki yake. Mtume Yakobo awaonya vikali wale wanaouzuia ujira wa waliovuna mashamba.

Lakini hasira ile humfikia nani? Karani wa mizani huagwa kwa heshima. Mnunuzi hayupo, wala hajulikani anakoishi. Jioni, mama anayeuliza habari za sare ya shule ndiye anayejibiwa kwa kofi, na mtoto aliyemwaga maji huchapwa kwa kosa la bei ya pamba. Sisemi ya kitubioni, kwani hayo yamefungwa kwa muhuri wa sakramenti. Nasema yale yanayoletwa ofisini mwa parokia mchana kweupe, na wanaoyaleta huja wamefunika uso kwa khanga.

Mama Kanisa huihesabu hasira miongoni mwa vilema vikuu saba, yaani mizizi ya dhambi nyingine. Katekisimu, namba 2302, yaieleza kuwa ni tamaa ya kulipiza kisasi, na yafundisha kwamba ikifikia kudhamiria kumuua jirani au kumjeruhi vibaya, hiyo ni dhambi ya mauti. Hata hivyo, Kanisa halisemi kwamba kila moyo unaowaka umetenda dhambi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kuwa hasira inayoitii akili na kutafuta haki yaweza kuwa njema. Basi mwanamume Mkatoliki ajiulize: hasira yangu yaelekea kwa nani, nayo yataka kufanya nini?

Tumtazame Musa kule Meriba, katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 20. Watu walimnung'unikia kwa ajili ya maji. Mungu alimwagiza auambie mwamba utoe maji. Yeye aliwakemea watu, akaupiga mwamba kwa fimbo mara mbili. Maji yalitoka kweli, watu wakanywa, lakini Musa hakuiingia nchi ya ahadi. Ndugu zangu, fimbo huweza kuleta kimya nyumbani, na baba akadhani ameshinda. Tusidanganyike na kimya hicho. Yawezekana maji yametoka, na nchi ya ahadi imepotea.

Sasa tumtazame Bwana wetu. Katika Injili ya Marko, sura ya 3, Yesu yumo katika sinagogi siku ya Sabato, na mbele yake yupo mtu mwenye mkono uliopooza. Waliokuwapo wanamvizia. Mwinjili asema wazi kwamba aliwatazama kwa hasira, akihuzunishwa na ugumu wa mioyo yao. Kisha akafanya nini? Aliuponya ule mkono. Hasira yake iliwaelekea wenye nguvu, na aliye dhaifu akatoka mzima. Hicho ndicho kipimo chetu: hasira yangu ikipita, je, mdogo aliyekuwa karibu nami ameponywa au ameumizwa?

Nawaachieni mambo matatu ya kutenda.

Kwanza, usiingie nyumbani ukiwa bado unawaka. Pita kanisani, kaa chini ya mti, sali hata fumbo moja la Rozari. Na usipitie kilabuni, kwani pombe haizimi moto huu.

Pili, ipeleke hasira mahali pake. Kama umedhulumiwa mizani, dai stakabadhi, simama katika mkutano wa ushirika, sema kwa hesabu na kwa adabu. Ujasiri wa mwanamume huonekana mbele ya aliye mkubwa kuliko yeye.

Tatu, jua lisichwe kabla hujapatana na wa nyumbani mwako, kama Mtume Paulo alivyowaasa Waefeso. Baba akimwomba mkewe msamaha mbele ya watoto hapungukiwi heshima. Kisha aje kwenye Sakramenti ya Kitubio.

Wapo watakaosema kwamba kumrudi mke ni mila. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Zaidi ya sheria, ipo ahadi tuliyoitoa mbele ya altare. Nanyi akina mama, kusamehe hakuwalazimishi kukaa katika hatari. Nendeni kwa wazee wa Jumuiya, njooni parokiani, na inapobidi fikeni katika Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kufanya hivyo si kuivunja ndoa.

Dominika hii, kabla ya kuipeleka sadaka altareni, kila baba amtazame aliyeketi karibu naye na ajiulize kama yupo anayemwogopa. Kama yupo, aanzie hapo.

Mungu awabariki, na Mtakatifu Yosefu, mwenye haki na mpole, awaombee.

Paroko wenu.