Rimu Zangu, Hasara ya Mwenzangu

Kwa muda mrefu nilimkata kijana wangu wa kazi pesa za mayai ambayo hakuyavunja. Niliyeyavunja ni mimi, kwa rimu za inchi 17. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akafika mwisho akadhani ninachojutia ni bei ya rimu.

Mimi ni muuza mayai wa jumla. Nachukua mzigo Kawangware, kwenye ghala lililo hatua chache kutoka stendi ya 56, nashuka nao Naivasha Road hadi Ngong Road, kisha naingia Kibera. Wateja wangu ni wenye vibanda vya chipsi pale Olympic, maduka ya Makina, na vijana wa vitoroli wanaouza mayai boilo na smokie kando ya Karanja Road. Kule Gatwekera ambako gari haliwezi kupenya, kijana hubeba trei begani, mteremko mpaka mlangoni.

Gari lenyewe ni Toyota Probox, stesheni wagoni ambayo kila Mkenya anaijua na hakuna anayeisifu. Toyota ilianza kuiuza mwaka 2002, ikaifanyia mabadiliko makubwa mwaka 2014, na langu ni la toleo hilo la pili. Liliingia nchini likiwa bado ndani ya umri wa miaka 8 unaoruhusiwa na kiwango cha KS 1515. Huko Japani ni gari la kazi: limepimiwa mzigo wa kilo 400 likiwa na watu wawili mbele. Kwangu halikuwahi kulalamika. Aliyeanza kulalamika ni mimi.

Kisa ni pale ninapooshea gari. Siku moja iliingia Subaru Legacy ya wagoni, rimu nyeusi zinang'aa, matairi membamba kama ukanda. Vijana wote wakaiacha Probox yangu na povu lake juu ya boneti, wakaizunguka ile Subaru. Mmoja akaniambia, bila ubaya wowote, "Mzee, yako si ni ya mayai tu, itangoja." Nikangoja. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshaamua.

Nilienda kwa muuzaji rimu nikamwambia nataka za inchi 17. Alikuwa mtu wa hesabu. Aliinama akasoma ubavuni mwa tairi langu la kiwandani: 155/80R14 88/86N LT. Akanieleza kwamba 155 ni upana kwa milimita. 80 ni asilimia, maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 124. Na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukuta wa juu, ukuta wa chini na rimu katikati, jumla gurudumu lina kimo cha milimita 604 hivi. Kisha akapiga hesabu ya tairi alilotaka kuniuzia, 205/40R17. Ukuta wake ni milimita 82, na kimo chake chote ni milimita 596. "Tofauti ni milimita 8," akasema. "Hata spidomita haitajua umebadilisha kitu."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, ndiyo maana simlaumu. Aliulizwa kama gurudumu jipya litalingana na la zamani kwa kimo, akajibu litalingana. Hakuulizwa linabeba nini. Na mimi sikuuliza kwa sababu jibu lingeniharibia furaha. Nikamwachia rimu zangu za chuma kama sehemu ya malipo, nikaongeza pesa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya shehena ya Krismasi, nikarudi Kawangware taratibu ili watu waone.

Kimo kikibaki kile kile na rimu ikikua, kinachopungua ni mpira. Nilipoteza milimita 42 za ukuta, theluthi nzima. Hapo ndipo penye kazi ya tairi: hewa na mpira vinavyojikunja gurudumu likiingia shimoni, kabla pigo halijafika kwa springi, kwa bodi, na kwa trei la chini kabisa.

Kulikuwa na hesabu nyingine pale pale ubavuni ambayo sikutaka kuisikia. Nambari 88 ni kipimo cha mzigo: tairi moja linabeba mpaka kilo 560. Herufi LT ni alama ya tairi la magari ya mizigo. Matairi yangu mapya yaliandikwa 84W, na 84 ni kilo 500. Kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma, ambayo sehemu kubwa ya mayai inakaa juu yake, yalipungukiwa uwezo wa kilo 120. Badala yake nilipewa kasi. Herufi N kwenye tairi la zamani ina maana ya mwisho kilomita 140 kwa saa. W ni 270. Nikawa mtu mwenye matairi ya kukimbia kilomita 270 kwa saa, niko Kibera Drive nyuma ya mkokoteni wa maji.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu, siwezi kukana. Madereva walinipigia honi. Wale vijana wa kuosha magari walinipokea kwa jina la "mkubwa". Kisha mayai yakaanza kupasuka.

Hayakupasuka mengi kwa mpigo. Yai hapa, manne pale, mpaka ikawa kila mzigo una trei moja au mbili zilizolowa ute chini, karatasi imelegea, harufu imejaa gari zima ukifungua mlango wa nyuma. Mteja wa Makina alianza kukagua kila yai kwa kidole kabla ya kulipa. Nikamgeukia kijana. Yeye ndiye aliyepakia na kushusha, nani mwingine angekuwa na makosa? Nikaanza kumkata. Kila yai lililovunjika liliandikwa kwenye daftari mbele ya jina lake, na mwisho wa wiki likatoka kwenye malipo yake.

Alijitetea, tena kwa akili kunishinda. Asubuhi moja pale Olympic alizipanga trei chini kwenye turubai, zilizokaa mbele ya gari upande huu, zilizokaa juu ya magurudumu ya nyuma upande ule. Zile za mbele zilikuwa kavu. Za nyuma, trei za juu zilikuwa salama na za chini zimeloa. Akainua yai moja akanigeuzia: ufa ulikuwa kwenye ncha ya chini, ile inayokalia trei, na kwingine kote ganda zima. "Mkubwa," akasema, "trei likianguka mkononi mwangu, mayai yanapasuka ovyo, juu na mbavuni. Haya yamepigwa kutoka chini."

Alikuwa amelieleza tatizo lote bila kutaja tairi. Nilielewa hapo hapo. Nakiri hilo, maana ningeweza kusema sikuelewa na hakuna ambaye angejua. Nilielewa, na nikaogopa, kwa kuwa pesa ya Krismasi ilikuwa imeshaisha na rimu zilikuwa zimeshanipa jina. Nikamjibu, "Usinifundishe kazi." Jioni ile, stendi ya 56, mbele ya makanga na watu wa bodaboda, nikamtangaza kuwa ana mikono mibovu. Walicheka. Hakurudi kesho yake.

Nikabaki peke yangu na mayai yakaendelea kupasuka. Hapo nikajaribu ujanja wa upepo. Nilipopunguza upepo ili tairi lilegee, nilisikia rimu ikigonga ukingo wa kila shimo. Nilipojaza mpaka tairi likawa gumu, rimu ilinyamaza lakini mayai yakazidi kupasuka. Ukuta ukiwa mfupi na mzigo ukiwa mzito, hakuna upepo wa katikati utakaokuokoa: ama unaumiza gurudumu, ama unaumiza mzigo. Gari likijaa, tairi lilikwaruza fenda ya nyuma, kwa sababu rimu mpya zilikuwa pana kuliko za zamani na zilikaa nje zaidi. Badala ya kusikia onyo, nilimwambia fundi aikunje midomo ya fenda kwa nyundo. Akaikunja.

Mwisho tairi la nyuma kushoto likawa linaamka bila upepo kila asubuhi. Fundi wa pancha aliinua gari, akapaka maji ya sabuni pale mpira unapokutana na rimu, na mapovu madogo yakaanza kuchemka sehemu moja. Akaweka bisibisi karibu na ukingo wa rimu bila kuigusa, akazungusha gurudumu polepole: mwanya ukawa mpana, ukafinyika, bisibisi ikagusa, mwanya ukafunguka tena. Rimu ilikuwa imepinda. Kisha akapitisha kiganja ubavuni mwa tairi, upande wa ndani nisiouona mimi wa kuosha na kung'arisha, akasimama penye uvimbe. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika, zimebanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, na hewa ilikuwa inazuiwa na mpira mtupu.

"Hili likipasuka Southern Bypass," akasema, "mayai ndiyo hasara ndogo."

Alipolitoa gurudumu alinionyesha jambo jingine. Kitovu cha Probox kina kipenyo cha milimita 54.1. Tundu la katikati la rimu zangu, kama la rimu nyingi zinazotengenezwa ziingie magari mengi, lilikuwa 73.1. Mwanya huo huzibwa na pete, ili rimu ikae katikati ya kitovu kabla ya nati kukazwa. Zangu hazikuwa na pete. Usukani ulikuwa ukitetemeka Ngong Road na mimi nikilaumu barabara.

Nikiwa nimeketi pale kwenye tairi kuukuu, nilifungua mlango wa dereva nikasoma kile kibandiko cha Kijapani ambacho huwa tunakipita. Maandishi siyajui, lakini 155/80R14 imeandikwa kwa tarakimu zetu zile zile. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa nayo, nikayageuzia kwingine.

Kinachoniuma kwa upande wa gari ni kwamba urembo haukuwa dhambi. Kuna tairi la 185/60R15 lenye alama ya XL, yaani la mzigo wa ziada, na kipimo cha 88. Kimo chake ni milimita 603, karibu sawa kabisa na la kiwandani. Ukuta wake ni milimita 111, hasara ya milimita 13 tu, na mzigo wake ni zile zile kilo 560, mradi lijazwe upepo unaodaiwa na kipimo hicho. Rimu za alumini za inchi 15, zenye matundu manne ya nati yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100 (PCD 100) yanayolingana na Probox, na pete za kitovu, zingenipa sura niliyoitaka. Au ningebaki na inchi 14 na kutafuta rimu za alumini zilizogongwa alama ya JWL-T, kipimo cha Wajapani kwa rimu za magari ya mizigo. Zangu zilikuwa na JWL, ya magari ya abiria. Herufi moja, imegongwa kwenye rimu, na nilikuwa nikiing'arisha kila Jumamosi.

Leo gari liko juu ya rimu za chuma za inchi 14 na matairi ya LT. Nimeacha kununua tairi kabla ya kusoma zile tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwake, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa sababu soko limejaa matairi yanayong'aa yaliyozeekea ghalani. Mayai bado huvunjika, kama yanavyovunjika kwa kila muuza mayai, lakini mteja wa Makina ameacha kunyoosha kidole.

Mke wangu ndiye mshika daftari. Aliniwekea mezani kurasa mbili: mmoja una malipo ya rimu, wa pili, unaofuata, ndio wa kwanza wenye makato ya kijana. Hakusema neno. Nilijumlisha makato yote, nikamtafuta kijana, nikampata Gatina akichanganya kokoto kwenye mjengo. Nikamweleza kila kitu, pamoja na kwamba siku ile ya turubai nilikuwa nimemwelewa. Alizihesabu pesa mara mbili, akazitia mfukoni.

"Pesa ni sawa," akasema. "Lakini jina langu hukulichafulia kwenye daftari. Ulilichafulia stendi."

Kazini hakurudi, ana haki. Mimi nilienda stendi ya 56 saa ya watu wengi, nikasimama pale pale nilipomtangaza, nikasema mayai niliyavunja mimi, kijana alikuwa msema kweli na nilijua. Nilitarajia kuzomewa. Walinisikiliza vizuri, wakacheka kidogo, kisha makanga mmoja mwenye gari lake la kukodisha, Fielder, akanivuta kando akauliza zile rimu tatu nzima nauza ngapi.

Nikamtajia bei. Kisha nikamuuliza gari lake hubeba nini.