Kukaza kwa Kipimo

Ufundi wa magari niliujifunza Gerezani, Dar es Salaam, ambako sifa ya fundi ilikuwa mkono. Nati ya gurudumu ilikazwa kwa kuchomeka bomba kwenye mpini wa spana, kisha mtu akaukanyaga kwa uzito wake wote. Nilipoanza kazi kwenye gereji ya matairi hapa Hallunda, kusini mwa Stockholm, hakuna aliyeuliza nina nguvu kiasi gani. Nilipewa spana ya toki na jedwali la vipimo: gari dogo, mara nyingi kati ya niutoni mita 100 na 140; lori lenye bolti za milimita 22, karibu 600.

Kinachoshika gurudumu ni bolti iliyovutika kidogo na kutaka kurudi kwenye urefu wake. Lakini karibu asilimia 90 ya nguvu ya fundi huliwa na msuguano wa meno na wa kikalio cha nati. Kutu ikizidisha msuguano huo, spana hulia "tak" ya kufika kipimo na bolti bado haijavutika vya kutosha. Ukipaka mafuta mahali ambapo mtengenezaji hakuagiza, bolti huvutwa kupita kiasi, na ikishapita kiasi haifai tena.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya spana. Matairi ya baridi hutakiwa kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara zikiwa na theluji au barafu, na chumvi inayomwagwa kwenye barabara kuu ya E4 hula vyuma vibaya sana. Nikishatoa gurudumu, napiga brashi ya waya kwenye habu mpaka unga mwekundu uishe na chuma king'ae, nafuta meno kwa kitambaa kikavu, naanza nati kwa vidole. Kisha nakaza kwa kuvuka, hii na ya upande wa pili.

Kijana mmoja kutoka Bukavu alizoea kuvuta mara ya pili. "Mzee, niongeze kidogo, iwe salama?"

"Hapana, mwanangu. Ikilia, acha."

Wateja wa Alby na Norsborg hunung'unika nikiwaambia warudi baada ya kilomita 100 hivi. Nang'ang'ania. Rimu hujikalisha gari likitembea, na nati iliyokuwa sawa jana huenda leo imelegea. Ni kazi ya dakika tano, na siitozi.