Akiba Haiozi, Lakini Huchelewesha

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Nimeitumia methali hii tangu shule ya msingi bila kuitilia shaka, hadi usiku mmoja nilipoketi na ndugu yangu mdogo, mwanafunzi wa kemia, mbele ya tarakilishi iliyokataa kumaliza kazi. Hesabu zake za kemia ya kwanta zilikuwa zimekwenda kwa siku nne, na zilisalia wiki mbili tu kabla ya kuwasilisha tasnifu. Nilipomuuliza tatizo lilikuwa nini, alijibu kwa uchovu, "Dada, mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili."

Kauli hiyo ilinichoma. Mimi ninayeisifu lugha hii kila panapoandaliwa kongamano, ningemwambia nini mdogo wangu? Nikamsihi ajaribu.

Alianza kwa kusitasita. Elektroni, alisema, husukumana, na ili kuijua nishati ya molekuli ni lazima kukokotoa thamani za misukumano hiyo, ziitwazo intigrali. Kila intigrali huhusisha funksheni nne za msingi. Kwa hiyo funksheni zikiongezeka maradufu, intigrali huongezeka takriban mara 16. Hata baada ya kuondoa zinazojirudia, funksheni 100 huzaa intigrali zipatazo milioni 12.5. Kila moja ikichukua baiti 8, hizo ni megabaiti 100. Funksheni zikifika 400, akiba hiyo hukaribia gigabaiti 26. Programu yake iliiandika yote kwenye diski, kisha ikaisoma upya katika kila mzunguko wa hesabu, mpaka majibu yatulie.

"Akiba hiyo huwekwa wapi?" nikamuuliza. Alitaja neno la Kiingereza alilokuwa akilitumia kila siku. Nikamwomba alieleze. "Ni mahali pa faili za muda," akasema, kisha akanyamaza. Alifungua faili ya maagizo aliyoinakili kutoka kwa mwanafunzi aliyemtangulia, akaona kwamba faili hizo zilikuwa zikiandikwa kwenye seva iliyokuwa katika jengo jingine, kupitia mtandao uliotumiwa na watu wengi. Prosesa ilikuwa ikikaa bure kungoja mzigo, mithili ya mpishi ambaye ghala lake liko ng'ambo ya mto.

Alibadilisha mambo mawili. Faili za muda alizielekeza kwenye diski iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Pia aliongeza kumbukumbu iliyotengewa programu, lakini hakuimaliza yote, kwa kuwa mfumo wa uendeshaji ukikosa nafasi huanza kuihamishia kumbukumbu diskini, na ucheleweshaji ukarudi kwa mlango wa nyuma. Hesabu iliyoshindwa kukamilika kwa siku nne ilikamilika kesho yake jioni.

Baadaye alinieleza njia ya tatu, nayo ndiyo iliyoitikisa methali yangu. Mwaka 1982 Jan Almlöf na wenzake walichapisha mbinu ya kutohifadhi intigrali hizo diskini: hukokotolewa upya kila zinapohitajika. Prosesa ikiwa na kasi na diski ikiwa ya polepole, kulima upya ni nafuu kuliko kwenda ghalani. Molekuli ikiwa ndogo, na intigrali zote zikitosha ndani ya kumbukumbu, akiba bado hushinda. Kumbe hekima haimo katika kuweka tu, bali pia katika kujua gharama ya kwenda kuchukua.

Sidai kuwa Kiswahili ndicho kilichoharakisha hesabu zile, ni diski. Ninachosema ni kwamba neno lililozoeleka lilikuwa limelificha tatizo, na kulazimika kulieleza kwa lugha ya nyumbani kukalifichua. Hata hivyo, nina deni. Usiku ule mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, sikuwa na istilahi hata moja ya kumkopesha. Maelezo yote aliyaunda yeye. Tasnifu aliiwasilisha kwa wakati, kwa Kiingereza. Ikisiri yake ya Kiswahili ingali daftarini mwangu, na nafasi ya neno lile nimeiacha wazi.

Wanafunzi wenzangu, tusingoje wanasayansi waje kubisha mlangoni petu. Tuwaendee maabarani, tuwaulize kazi yao, tuwasikilize. Kuuliza si ujinga, na pengine swali letu ndilo watakalolihitaji.