Njia Fupi Kati ya Maji Mawili

Marubani hatuna desturi ya kusema tunaogopa. Tunasema upepo ulikuwa mkali, ndege iliyumba, tulipaa tena tukatua kwingine. Kila jambo lina msemo wake wa kazi, na ndani ya misemo hiyo mtu anaweza kujificha miaka. Mimi nilijificha humo majira mazima ya baridi. Nayaandika haya kwa sababu nilitoka, na kwa sababu najua wapo ambao bado wamo, wengine wanarusha ndege ndogo za Caravan kutoka uwanja wa Wilson, wengine ni makapteni huko Ghuba, nami nataka wayasikie kwa lugha yao kutoka kwa mtu wa kwao.

Ni mzaliwa wa Mombasa. Urubani nilijifunza Nairobi, pale pale Wilson, ambako njia za kurukia hazifiki mita 1,600 na uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi na ndege inakawia kupaa. Baadaye nikatua kwenye viwanja vya vumbi ambako kwanza unapita chini chini kufukuza mbuzi, ndipo unarudi kutua. Njia fupi, basi, haikuwa kitu kigeni kwangu. Miaka ikapita, nikafika Uingereza, na kwa rehema za Mungu nikapewa ukapteni wa jeti ya Embraer 190 yenye abiria karibu mia moja, kituo chetu kikiwa London City.

Sitaeleweka nisipoueleza uwanja huo. Ulifunguliwa mwaka 1987 kwenye ardhi nyembamba iliyokuwa sehemu ya bandari ya zamani ya London, mashariki mwa jiji. Kaskazini yake kuna bwawa la Royal Albert, ambako zamani meli zilishusha shehena, kusini kuna bwawa la King George V, na katikati ndiyo njia yenyewe. Mwanzo zilitua ndege za pangaboi tu. Jeti za abiria zilianza kazi pale mwaka 1992, njia iliporefushwa. Leo ina mita 1,508, na za kutulia zinazohesabika ni pungufu ya hizo. Upana wake ni mita 30. Viwanja vikubwa vya kimataifa vina njia za kilomita tatu na zaidi.

Ufupi peke yake si tatizo. Kwa sababu ya majengo na makazi ya watu yaliyouzunguka uwanja, ndege haishuki kwa pembe ya kawaida ya nyuzi 3. Inashuka kwa nyuzi 5.5. Kwa pembe ya kawaida jeti yetu ingeshuka kama futi 640 kwa dakika, lakini hapa inashuka karibu futi 1,150. Ndege yenyewe lazima iwe imethibitishwa kwa mteremko huo, na rubani lazima awe amefunzwa kwa uwanja huo hasa. Unapouona kwa mara ya kwanza kupitia kioo cha mbele, unahisi njia iko chini ya viatu vyako. Mwili mzima unakuambia vuta usukani, nawe hutakiwi kuvuta mpaka wakati wake.

Watu huniuliza kama si kamari. Hapana, si kamari, na hilo nalisema kwa moyo wangu wote. Kanuni inataka jeti ya abiria iwe na uwezo wa kusimama ndani ya asilimia 60 ya urefu wa kutulia uliopo, njia ikiwa kavu, na ikiwa imelowa kuna nyongeza. Uzito, joto, upepo na hali ya lami vinapigiwa hesabu kabla hatujang'oa nanga, kisha tena kabla ya kushuka. Hesabu ikikataa, huendi. Nilikuwa nazijua hesabu hizo vizuri, nikizifundisha hata kwa wengine, na bado hofu ilinipata. Mtu asidhani hofu huwapata wasiojua.

Ilikuwa jioni ya Desemba, giza limeshaingia, tukitoka Edinburgh. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, mkali lakini ndani ya mipaka tuliyoruhusiwa. Upepo wa upande huo una tabia yake pale. Kabla haujafika kwenye njia unapita juu ya majengo ya Silvertown, likiwamo lile la kiwanda cha sukari kilicho kati ya uwanja na mto Thames, na unapofika huwa umekatikakatika. Tulikuwa tunakuja kutoka mashariki, taa za njia zikiwa wazi mbele yetu. Mwongoza ndege alitupa ruhusa ya kutua na kipimo cha upepo. Sauti yake ilitoka Swanwick, zaidi ya kilomita 100 kutoka uwanjani, maana tangu mwaka 2021 London City inaongozwa kwa kamera zilizofungwa juu ya mlingoti wa mita 50.

Tulikuwa chini ya futi 200 pale upepo wa mbele ulipokatika ghafla. Mshale wa mwendo ulianguka, ndege ikazama, nami nikahisi kiti kikinikimbia. Sauti ya onyo ikalia ndani ya chumba cha marubani. Mikono ilifanya ilichofundishwa, injini nguvu zote, pua juu, na rubani msaidizi wangu akisoma kimo kwa sauti ambayo haikutikisika hata kidogo. Taa zikapita chini yetu. Kisha maji ya bwawa, meusi. Kisha tukawa tunapanda. Tulizunguka, tukajaribu tena, upepo ukawa vilevile, tukaenda kutua Stansted, na abiria wakarudishwa jijini kwa basi. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi wa ndani ulisema kila kitu kilifanywa inavyotakiwa, na ndivyo ilivyokuwa.

Shida ilianza baada ya hapo. Nikitua Frankfurt au Zurich, hakuna neno. Lakini safari ikiwa ni ya kurudi London City, kifua kilianza kubana tangu tulipoanza kushuka. Viganja vilitoa jasho nikawa navifuta kwenye suruali ili mwenzangu asione. Nilikuwa natua, tena vizuri, halafu nikikaa ndani ya gari kwenye maegesho nashindwa kuliwasha. Usiku silali. Nilikuwa nasoma ripoti za ajali. Niliisoma ya Congonhas, São Paulo, ya tarehe 17 Julai 2007, Airbus iliyoshindwa kusimama kwenye njia iliyolowa katikati ya jiji, wakafa watu 199, kumi na wawili kati yao wakiwa hawamo hata ndani ya ndege. Niliisoma ya Midway, Chicago, ya Desemba 2005, ndege iliyopita mwisho wa njia kwenye theluji ikaingia barabarani na kumuua mtoto aliyekuwa ndani ya gari. Mchana ripoti hizo ni sehemu ya kazi yetu, zinasomwa ili makosa yasirudiwe. Saa nane za usiku zilikuwa ni sumu niliyojipimia mwenyewe.

Sikumwambia mtu. Cheti cha afya ndicho kazi yenyewe. Rubani asiye na cheti hana kazi, na aliye na nyumba ya kulipia na wadogo wa kusomesha anajua maana yake. Tena mimi ni mwanamke, Mwafrika, kapteni. Niliona kama nikitamka neno lile moja, kuna watu watasema walijua tangu mwanzo.

Aliyenitoa ni mama yangu, kwa simu, siku ya Ijumaa. Alikuwa ametoka kuswali.

"Mwanangu, mbona sauti haina nguvu?"

"Nimechoka tu, mama."

"Wewe nakujua ukichoka. Hii si sauti yako ya kuchoka. Umeogopa nini?"

Nikamwambia. Yote, hadi yale maji meusi. Alinyamaza, kisha akasema niende kumwambia mwenye kazi.

"Nikimwambia watanisimamisha, mama."

"Na usipomwambia?"

Sikuwa na jibu. Kabla hajakata akaniombea dua, nikaitikia amin nikiwa nimekaa sakafuni jikoni.

Hapa kuna jambo ambalo marubani wengi wa kwetu hawalijui, nami nataka walijue. Tarehe 24 Machi 2015 ndege ya Germanwings iliangushwa makusudi na rubani msaidizi wake kwenye milima ya Alps ya Ufaransa, wakafa watu 150. Rubani yule alikuwa amemficha mwajiri ugonjwa wake. Baada ya msiba ule Ulaya iliweka sheria kwamba marubani lazima wawe na mahali pa kwenda kusema, na anayewasikiliza wa kwanza awe rubani mwenzao aliyefunzwa kusikiliza, si bosi. Uingereza pia mipango hiyo ipo. Unachosema hakipelekwi kwa mkubwa wako, isipokuwa kuna hatari kwa usalama.

Nilipiga simu kwenye mpango wa aina hiyo. Akapokea kapteni wa makamo kutoka shirika jingine, hakunijua nami sikumjua. Alinisikiliza kwa muda mrefu bila kunikatiza. Kisha akaniuliza jambo lililogeuza mambo yangu yote.

"Unapofumba macho ukafikiria kutua pale, unaona nini?"

"Naona maji ya mwisho wa njia."

"Na pale magurudumu yanapogusa, unapaona?"

Nilijaribu, nikashindwa. Kwa miezi kadhaa mwanzo wa njia ulikuwa umenitoka kichwani kabisa, pamebaki mwisho tu. Na kila anayetua kwenye njia fupi anajua mambo yanaamuliwa mwanzo. Tunagusa chini tukiwa na mwendo wa karibu kilomita 220 kwa saa. Kila sekunde moja ya kuelea juu ya lami inakula zaidi ya mita 60. Pembeni mwa njia kuna alama za mwisho wa eneo la kugusia. Ukizifikia magurudumu yako bado hewani, hujadiliani na mtu, unapaa tena. Mtu anayezingatia alama zile hana haja ya kuyafikiria maji ya mbele, kwa sababu hatafika huko. Hayo niliyajua kwa kichwa. Mwili ndio uliokuwa umeyasahau.

Nilikwenda mwenyewe kwa daktari wa marubani, nikamweleza. Cheti kilisimamishwa kwa muda. Sitasema ilikuwa rahisi: nilikaa nyumbani nikizisikia ndege za wenzangu zikipita juu, na fedha zilibana. Nilipata mtaalamu wa saikolojia aliyejua kazi yetu, nikajifunza kupumua upya, nikaacha kusoma ripoti usiku, usingizi ukaanza kurudi, kwanza saa chache, baadaye usiku kucha. Alhamdulillahi, cheti nikarudishiwa.

Kisha ikaja zamu ya simuleta, mashine ya kuigiza urukaji. Mwalimu wangu aliniwekea upepo uleule, futi zilezile, giza lilelile, na tukarudia. Aliukata upepo mapema, akaukata kwa kuchelewa, na mara nyingine hakuukata kabisa, hivyo sikujua utakatika lini. Kila mara tulipopaa tena aliniambia, "Vizuri, tuanze upya," kwa sauti ileile ya kawaida, kana kwamba nimefungua mlango na kuufunga. Nadhani sauti ile ilinitibu kama dawa yoyote niliyopewa. Kupaa tena kulirudi kuwa kazi ya kawaida, jambo ambalo nimelishika mkononi wakati wote wa kushuka, tayari kulitumia.

Siku ya kurudi London City na abiria ilikuwa asubuhi ya mvua nyepesi, lami imelowa. Kapteni mkufunzi alikaa kiti cha kulia. Kifua kilibana, ndiyo, sitadanganya, lakini mara hii nilikuwa nimeshasema. Kabla hatujaanza kushuka nilimwambia, "Moyo unanienda mbio," naye akajibu, "Nimekusikia, endelea ukiwa tayari." Nikaweka macho pale magurudumu yatakapogusa, nikayaacha hapo. Futi mia moja. Hamsini. Nikaanza kuinua pua, mapema kidogo kuliko kwenye viwanja vingine, maana kwa mteremko ule ukichelewa unapiga chini kwa kishindo. Magurudumu yakagusa kabla ya alama. Vibao vya juu ya mabawa vikasimama, uzito wote ukashuka kwenye magurudumu, breki zikashika na mikanda ikatuvuta mabegani. Tulifika mwendo wa kutembea njia ikiwa imebaki mbele yetu, nami nikageuza ndege kuelekea maegeshoni.

Wiki chache baadaye upepo wa kusini-magharibi ulirudi. Tulishuka, ndege ikaanza kuyumba kupita kiasi, nikasema tunapaa tena, tukapaa. Tukaenda Stansted. Niliwatangazia abiria mwenyewe, nikawaeleza upepo ulivyo na basi litakakowashusha. Mama alipopiga jioni nilimwambia tumetua kwingine. Akauliza kama nimekula.

Sasa mimi pia nimefunzwa kusikiliza, na simu zinaniingia kutoka kwa marubani nisiowajua wa mashirika mbalimbali. Wengi huanza kwa kunieleza hali ya hewa. Huwaacha wamalize upepo, mawingu na lami. Kisha nawauliza usiku wanalala saa ngapi.