Wanaosubu risasi, Pennsylvania na Kunduchi

Ukiwa na bunduki ya Marlin 336 hapa Pennsylvania, hukosi mtu wa kukuambia kwamba haipendi risasi za kujisubia. Ni ubishi wa zamani. Bunduki yenyewe ilitoka mwaka 1948, ni jamii ya zile za filamu za kauboi: chini kuna wenzo, unaushusha na kuurudisha, ganda tupu linaruka, risasi nyingine inapanda. Katikati ya miaka ya 1950 kiwanda kikabadili uchongaji wa ndani ya mtutu. Badala ya mifuo michache yenye kina, ile inayokishika kichwa cha risasi na kukizungusha kiende sawa, wakachonga mingi isiyo na kina kirefu: 12 kwa bunduki ya .30-30, na kina chake ni kama elfu mbili za inchi, karibu nusu ya kawaida. Vichwa vya dukani vilivyovikwa shaba havikuwa na tatizo. Vile vya risasi tupu, vilivyosubiwa nyumbani, vikateleza humo ndani, vikauacha mtutu umepakwa madini na shabaha imepotea.

Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu na fundi mitambo mstaafu, anacheka akisikia habari hizo. Kwake kosa halikuwa la bunduki, watu hawakupima. Huchukua kipande cha risasi laini, hukisukuma kwa fimbo kipite mtutu mzima, kisha hukipima kwa maikromita. Mtutu ulioandikwa inchi 0.308 mara nyingi hukutwa umezidi kidogo, kwa hiyo naye husubu kichwa kinene zaidi, 0.310 hivi, kijae kwenye mifuo. Huchanganya risasi na bati na antimoni kiwe kigumu, hukivisha kikombe kidogo cha shaba kwenye kitako, kisha hukipaka mafuta yenye nta ya nyuki. (Nilimwambia nta ni biashara ya Tabora tangu enzi za Wajerumani. Akataka kujua bei.) Ncha yake lazima iwe bapa, maana katika bomba la bunduki hizi risasi hulala moja nyuma ya nyingine, na ncha kali ingeweza kugonga fataki ya iliyo mbele.

Ninapowasimulia nyumbani, wote hukwama kwenye jambo moja tu: mtu anatengeneza risasi kwake na polisi hawaji? Hawaji. Kwetu Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuachii nafasi ya kufanya hivyo bila leseni. Risasi za jeshi ni kazi ya Shirika la Mzinga, Morogoro. Anayejipakia mwenyewe ni mtu wa gobore, huko Katavi au Tabora, na tunamsikia pale polisi wanapotangaza walichokamata: gobore, baruti, fataki, goroli, pengine vipande vya nondo. Huyo hana mifuo ya kupima, mtutu wake ni bomba tu.

Lakini madini yenyewe, risasi iliyoyeyuka kwenye sufuria, hayo Dar es Salaam tunayajua vizuri. Nimekulia Kunduchi. Mvuvi wa mshipi anahitaji chubwi, mwenye jarife anahitaji vipande vya kukunja kwenye kamba ya chini ili wavu uzame. Mjomba wangu aliyeyusha uani, kwenye jiko la mkaa, akamimina kwenye kalibu ya mchanga wenye unyevunyevu. Nasi watoto tulichuchumaa pembeni tukiangalia ile rangi ya fedha inavyojivika ngozi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, mkaa unaifikia bila kuvuviwa sana. Kwa macho na mikono, mjomba hakupitwa na mzee wa hapa. Kalibu yenye maji mengi aliijua kwa kuigusa, na aliikataa.

Tofauti ni malighafi. Mjomba aliyeyusha betri za magari, zilizonunuliwa kwa watu wa vyuma chakavu. Alizipasua kwa shoka na kumwaga tindikali kwenye mchanga. Mzee wa hapa betri haigusi hata ukimpa bure. Wasubu risasi wa Marekani wamekwisha kuonyana: ndani ya betri za siku hizi kuna kalsiamu, na antimoni na arseniki pia zinaweza kuwamo, na uchafu unaoenguliwa juu ya sufuria ukipata maji unaweza kutoa gesi ya arsini, inayoua. Yeye alizoea kutumia vile vizito vya kusawazishia magurudumu. Tena aliweka kipimajoto: zinki haiyeyuki mpaka nyuzi 419, basi akikaa chini ya hapo vizito vya zinki vilivyojichanganya vilielea naye akaviengua. Anafanyia mlango wazi, na wajukuu hawaingii.

Hapo ndipo ninapotuona tumepishana. Hawa hawaiogopi bunduki, wanaiogopa sufuria. Sisi bunduki tunaiogopa mpaka kuitaja, na sufuria tunaiweka pembeni ya watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwenye ubongo.

Asiyeamini aende Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ukutani mwa mtaa, moshi na maji machafu vikaingia majumbani. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua mwanawe amejaa risasi mwilini. Akapigana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kile kilikuwa kiwanda, chenye anwani na wa kushtakiwa. Uani kwa mjomba hakuna wa kushtaki.

Nilipokwenda likizo nilimgusia. "Mjomba, kwa nini usitumie vile vizito vya magurudumu? Gereji za matairi za Tegeta wanavyo." Akanisikiliza vizuri, hakubisha. Akasema anavijua, ila vinapatikana kiganja kwa kiganja, na betri moja inatosha kamba nzima ya jarife. "Wewe nitafutie gunia, betri naacha leo."

Gunia hilo hata mzee wa hapa halipati tena. Ulaya ilipiga marufuku vizito vya risasi kwenye magari tangu 2005, majimbo kadhaa ya Marekani yakafuata, na gereji zimehamia kwenye chuma na zinki. Siku hizi ananunua risasi safi ya vipande, inakuja kwa posta, na bei yake nimeshindwa kumtajia mjomba.