Vitz yangu na mlima wa Soni



Ndugu zangu, wengi mmeniuliza ile Vitz nyeupe imekwenda wapi. Naeleza, maana ndani yake mna suala ambalo watu huniuliza mara kwa mara, na mna jambo langu mwenyewe ambalo sikulipenda.

Ilikuwa na injini ya cc 996, silinda tatu. Hapa Tanga mjini, kwenye tambarare, haikunisumbua hata siku moja, na mafuta ilikuwa inanusa tu. Tabu ilianza mama alipohamia kwa mdogo wangu Lushoto. Kutoka Mombo barabara inapanda kona juu ya kona. Tukiwa watu watano nilizima kiyoyozi, nikaweka gia kwenye L, na bado nyuma napigiwa honi. Mwezi wa Shaabani, karibu na Soni, ikachemka. Tukashuka wote. Mama akakaa juu ya jiwe na tasbihi yake, mimi nasubiri maji yapoe.

Fundi alianza na plagi, chujio la hewa na breki, isije ikawa kuna tairi limeshikwa. Vyote vizima. Akaniambia, "Shekhe, hii haijapungua nguvu. Ndiyo nguvu yake." Akashauri tuifunge injini ya 1NZ, cc 1496, ambayo Toyota wenyewe waliiweka kwenye baadhi ya Vitz. Nguvu za farasi zitoke 71 zifike karibu 110.

Kwa maneno ni rahisi. Lakini injini ile haiji peke yake: inataka giabokisi yake, kontroli boksi, nyaya, raba za kuishikilia, na rejeta inayoiweza. Tulipojumlisha ilipita milioni tatu, ndani ya gari ambalo sokoni ni milioni saba. Tena namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo lazima uende TRA ikabadilishwe, la sivyo siku ya ajali bima watapata la kukwambia. Na siku ya kuuza, mnunuzi akisikia injini imebadilishwa, hakuongezei bei, anaishusha.

Dalali akaniletea Raum, cc 1496, mlango wa pembeni wa kusukuma, mama anaingia bila tabu. Mwenyewe alitaka gari dogo la mjini: nimpe Vitz na milioni tatu juu. Hapa ndipo mnapouliza, je, si riba? Hapana. Magari hayamo katika vile vitu sita kama dhahabu na tende. Gari kwa gari na fedha juu, mkono kwa mkono, halina ubaya. Ubaya ungekuwa kuikopa hiyo nyongeza kwa riba.

Yule bwana akasema, "Shekhe, gari lako sina haja ya kulikagua. Wewe si ndiye unayetuswalisha?" Dalali akanikonyeza.

Ndugu zangu, nilinyamaza. Nikasema tutaonana kesho, nikaenda zangu nyumbani. Nilijiambia kwamba kila mtu anajua Vitz ndogo haipandi mlima, na hilo kweli si aibu ya bidhaa. Lakini injini iliyowahi kuchemka ni aibu, na haionekani kwa macho. Mlango huu wa biashara nimeufundisha miaka mingi, na usiku ule nilikuwa nautafutia tundu la kutokea.

Baada ya Alfajiri nikampigia. Nikamwambia ilichemka wapi, na aje na fundi wake. Fundi akapima: silinda hedi haijapinda, gasketi nzima. Hata hivyo yule bwana akataka laki sita zaidi, na ilikuwa haki yake. Dalali mpaka leo ananisalimia kwa mbali.

Nyongeza alinikopesha shemeji, bila riba. Nimebakiza laki nne.

Juzi tulipita Soni kiyoyozi kikiwaka. Mama akaliona lile jiwe, akasema tusimame kidogo, yeye ameshapazoea.