Mshahara wa Nati 16

Milwaukee, Wisconsin

Mjomba,

Uliponipigia Jumapili iliyopita nilikuwa chini ya gari, ndiyo maana nikakujibu kwa mkato. Lakini swali lako limenikaa kichwani wiki nzima. Mtu ana gari lake, ana pesa zake, anakwenda kucheza nalo Jumamosi na Jumapili. Kwa nini anilipe mimi nikae kando nikilitazama? Na mimi niliyeshikishwa spana na wewe pale Changamwe, Mombasa, pesa ya mchezo naipokeaje? Jibu halikutosha kwenye simu. Wasomaji wa safu hii watanisamehe leo nikizungumza nawe mbele yao.

Uwanja ninaokwenda unaitwa Road America. Uko karibu na kijiji cha Elkhart Lake, mwendo wa kama saa moja kaskazini ya hapa ninapoishi. Ni barabara ya lami ya kilomita 6.5 inayozunguka msituni, inapanda na kushuka vilima, ina kona 14. Ilifunguliwa mwaka 1955. Kabla yake, kuanzia 1950 hadi 1952, watu walishindana katika barabara za kawaida za kijiji, mpaka jimbo likapiga marufuku. Mwisho wa wiki wa mbio za ridhaa hutauona umati. Utaona trela, mahema, jenereta, na utasikia harufu ya petroli ikichanganyika na ya mahindi ya kuchoma, ambayo hunirudisha Mombasa kila mara. Wanaoendesha ni walimu, madaktari, makontrakta, wastaafu. Chama chao, Sports Car Club of America, kiliundwa mwaka 1944, na tangu 1964 kina mashindano yake makuu ya kila mwaka yaitwayo Runoffs. Dereva wa ridhaa haendeshi kwa mshahara, ila hakuna anayemkataza kumlipa fundi.

Mteja wangu ni daktari wa meno mwenye umri wa miaka 58. Gari lake ni Mazda MX-5 ya mwaka 1999, ambayo huku wote huiita Miata: dogo, jepesi, la viti viwili. Kwa miaka sita alifanya yote peke yake. Ijumaa akifunga zahanati, anavuta trela usiku, analala ndani ya pikapu, alfajiri yuko chini ya gari kwenye lami yenye umande. Alipenda hivyo. Hata sasa akinisimulia miaka ile, macho yake hung'aa.

Kisha siku moja, kabla hatujajuana, alikuwa akibadilisha matairi mchana. Jirani akaja kumsalimia, wakazungumza. Kundi lao likaitwa, akavaa helmeti, akaingia uwanjani. Nati za gurudumu la mbele la kushoto alikuwa amezishikiza kwa vidole tu. Mzunguko wa pili, akiteremka kuelekea kona ya tano, ambako magari hufika yakiwa na kasi na kufunga breki kwa nguvu, gurudumu likachomoka. Gari lilisota hadi kwenye nyasi na yeye hakuumia. Gurudumu lenyewe liliruka likapita hatua chache kutoka kwa mama mmoja mshika bendera.

Huyo mama, Mjomba, hakuwa akilipwa hata senti. Washika bendera wa mbio hizi hujitolea. Husimama kwenye kona tangu asubuhi hadi jioni, jua na mvua, ili dereva aliye nyuma ajue kwamba mbele kuna ajali. Bila wao hakuna gari linalowashwa. Daktari alimwendea jioni ile kumwomba radhi, na wiki iliyofuata akaenda kwenye gereji ndogo ninayoifanyia kazi akasema anataka mtu. Si kwamba alichoka kukaza nati. Alitambua kwamba mtu anayekaribia kuendesha kwa kasi ile tayari akili yake imeshaingia uwanjani. Mikono imebaki nyuma na spana, haina mwenye kuisimamia.

Basi hicho ndicho anachonunua. Miata ina nati nne kila gurudumu, jumla 16. Nazikaza kwa msalaba, si kwa kuzunguka, gari likiwa chini, kwa spana ya kupimia mkazo niliyoiweka nyutoni mita 110. Kila spana ikilia nko, naipaka nati alama ya rangi. Mtu akinisemesha katikati, hata akiwa daktari mwenyewe, naanza upya nati ya kwanza. Huku wanadhani ni utaratibu nilioupata chuoni. Nimeuona kwako. Ulipokuwa ukifunga injini, mtu akikutolea salamu uliinua mkono tu, ukamaliza boliti uliyoanza, ndipo ukamwitikia vizuri na kumwuliza habari za nyumbani. Nilikuwa mtoto, nikidhani unawadharau. Sasa najua ulikuwa ukimlinda mtu atakayepanda gari lile.

Siku yenyewe huanza saa kumi na moja alfajiri. Napima upepo matairi yakiwa baridi na kuandika daftarini. Gari likirudi kutoka uwanjani, kabla dereva hajavua helmeti, napima tena, maana tairi likipata moto upepo unapanda, na kipimo cha moto ndicho chenye maana. Kisha nachoma kipimajoto kwenye mpira wa kila tairi mahali patatu: ndani, katikati, nje. Ndani pakiwa moto kupita kiasi, najua gurudumu limelazwa mno. Katikati pakizidi, upepo ni mwingi. Tairi linakwambia dereva amefanya nini hata kama yeye mwenyewe hajui.

Jioni natoa mafuta ya breki ya zamani na hewa yake, kila siku. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo. Ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanywa maji, kiwango kinachoruhusiwa ni nyuzi 155 tu. Breki za mbio hupita moto huo kwa urahisi. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na dereva anakanyaga pedali inayozama hadi sakafuni. Sisi tunatumia ya mbio, yanayovumilia zaidi ya nyuzi 300, na bado nayabadilisha. Nakumbuka malori yaliyokuwa yakiletwa kwako baada ya kushuka Mazeras, breki zimepotea, dereva anatetemeka. Ni kitu kilekile.

Kuhusu pesa sitakuficha. Nalipwa dola 275 kwa siku, kwa siku tatu, na chumba na chakula juu yake. Gereji humtoza mteja zaidi, kwa kuwa inabeba gari, inaleta hema, spea na jenereta. Matairi, petroli na ada ya mashindano ni juu yake mwenyewe. Gari likigonga ukuta, hasara ni yake. Yote yako kwenye karatasi kabla trela haijaondoka.

Hiyo karatasi ndiyo ningependa ifike kwetu. Unamkumbuka yule mwenye matatu aliyekulipa nusu? Ulitumia asubuhi nzima kutafuta waya mmoja uliokatika ndani ya ganda lake, ukaupata, gari likawaka. Akasema, "Kumbe ni waya tu, mzee." Ukanyamaza, ukaikunja ile noti ukaitia mfukoni. Nilikuwa na miaka 14 na kifua kiliniwaka. Mpaka leo kinaniwaka. Alilipia waya, hakulipia asubuhi yako wala miaka yako iliyojua pa kuutafuta. Daktari hajawahi kuniambia ni nati tu.

Tena si kwamba kila kitu hapa kina bei. Mwezi huu wa Septemba, Jumamosi usiku, kijana mmoja wa kundi letu giaboksi ilimfia. Alikuja peke yake, analala kwenye gari, hana spea. Daktari akafungua trela yetu akamtolea giaboksi yake ya akiba. Bosi wangu akalifunga daftari la saa za kazi, akasema kuanzia hapo kila mtu yuko kwa hiari yake. Hakuna aliyeondoka. Tulikuwa wanne chini ya gari lile, wawili ni wapinzani wake wa kesho, taa zikishikwa na mke wa mmoja wao. Saa saba usiku gari likaingia gia zote. Siku ya pili kijana yule akampita daktari mzunguko wa mwisho, na daktari aliposhuka alikwenda kwake moja kwa moja akamkumbatia.

Nilipokuwa nimelala pale kwenye lami baridi nilikumbuka mwanzoni mwa miaka ya 80, ulipotupakia kwenye pikapu tukaenda Taita kuzitazama mbio za magari za Safari. Wenzangu walikuwa wakililia jina la Shekhar Mehta, maana zama zile alishinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Wewe ulinishika bega ukanigeuza upande wa pili wa barabara, walikokuwa wakisubiri mafundi. Gari lilipofika waliingia chini yake kabla vumbi halijatua, kila mmoja na kona yake, hakuna aliyepiga kelele, na likaondoka na magurudumu mapya wakati sisi bado tunapangusa macho. Ukaniambia nisiwatazame madereva, niwatazame wale. Ukanisimulia pia habari za Joginder Singh, kwamba mshindi wa 1965, 1974 na 1976 alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na jinsi ulivyoitamka ile "fundi" sijaisahau.

Binamu anakuja Mombasa mwezi wa Desemba. Nimempa mfuko mmoja wa kahawia akuletee. Ndani yake mna spana ya kupimia mkazo, kama hii yangu. Mpini una namba: zungusha mpaka kipimo unachotaka, kaza polepole, ukisikia nko acha hapohapo. Usiitumie kufungulia nati zilizoshika kutu. Na kila ukimaliza kazi irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa kabla hujaiweka kabatini, springi isichoke.

Mpwa wako.